Kutangaza bidhaa za vikundi kwa simu: tulipokosea na tunachoshauri

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na Idara yetu ya Maendeleo katika semina ya viongozi wa vikundi vya uzalishaji na wajumbe wa kamati za parokia mkoani Iringa. Tunaichapa hapa kwa faida ya wasomaji na wafadhili ambao hawakuwapo.



Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeisikia katika kila kikao cha masoko tangu vikundi vianze, na mara nyingi sisi wa ofisini ndio tuliokuwa tukiitumia. Mama akilalamika kwamba vikapu vyake vimekaa stoo miezi mitano, tulimjibu aongeze ubora. Leo tunakiri kwamba hiyo ilikuwa njia ya kukwepa kazi. Kikapu cha milulu kilichosukwa vizuri, kikiwa kimefungiwa katika stoo ya parokia takriban kilometa 500 kutoka Dar es Salaam, hakijiuzi. Panya wanakijua, mnunuzi hakijui.

Tulipoamka, tuliamkia upande usiofaa. Mwaka 2016 tuliamua kwamba dawa ni tovuti. Wafadhili wetu walituelewa, fedha zikatoka, tukampata mtaalamu mjini, na baada ya miezi michache tukawa na tovuti yenye picha za milima na maneno mengi kuhusu dira na dhamira yetu. Bei za vikapu hazikuwamo. Namba ya simu iliyowekwa ilikuwa ya mezani, na ofisini hakuna mtu baada ya saa tisa na nusu alasiri. Kwa miaka miwili tulipata barua pepe nyingi, karibu zote za watu waliotaka kutuuzia vitu. Kisha siku moja tovuti haikufunguka. Kumbe jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na lilikuwa limeandikishwa kwa jina la yule mtaalamu, ambaye simu yake ilikuwa haipatikani tena. Hatukuwa na nywila hata moja. Fedha zile tulizitolea taarifa kama zilivyotumika, lakini hatukuwahi kuwaambia wafadhili wetu kwa uwazi kwamba hazikuuza hata kikapu kimoja. Tunawaambia sasa.

Kwa hiyo jambo la kwanza si picha wala maneno. Ni umiliki. Ukurasa wa kikundi, laini ya simu, barua pepe iliyofungulia akaunti na nywila zake viwe mali ya kikundi. Viandikwe katika daftari la katibu na nakala itunzwe katika kasha la parokia. Kijana anayewasaidia kufungua ukurasa mshukuruni, mlipeni, lakini asiondoke na funguo.

Sasa tutangaze wapi? Kwa kikundi cha watu 15 au 20 hatushauri tena kuanza na tovuti. Wateja wetu wengi wa ndani wako kwenye WhatsApp, na tangu mwaka 2018 kuna programu yake ya biashara ambayo hupakuliwa bila malipo na kufanya kazi kwa laini ya kawaida. Ndani yake mnaweza kuweka orodha ya bidhaa pamoja na picha, bei na maelezo, saa za kazi, na jibu linalojituma lenyewe pale mnapokuwa shambani. Facebook na Instagram zina faida ya kuonekana na watu msiowajua. WhatsApp inafaa zaidi kwa wale ambao tayari wameuliza. Chagueni sehemu moja ya kuonekana na moja ya kuzungumzia na mteja, basi. Tumeona kikundi chenye kurasa tano, na zote tano zimelala tangu siku ya uzinduzi.

Tahadhari ndogo: ukituma tangazo kwa orodha ya watu wengi kwa pamoja katika WhatsApp, humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo mteja akinunua, mwombe aihifadhi. Na tafadhali, msiwaingize watu kwenye magroup bila kuwauliza. Sisi wenyewe tunatoka kwenye magroup kama hayo kila wiki.

Kuhusu picha tutakaa kidogo, maana hapa ndipo vikundi vingi vinapoteza wateja. Simu ya kawaida inatosha. Futeni kioo cha kamera kwa kitambaa safi, maana simu inayokaa mfukoni mwa aproni ina mafuta. Toeni bidhaa nje asubuhi, au iwekeni karibu na dirisha, mwanga uingie kwa pembeni. Mwako wa kamera uzimwe kwa sababu hubadilisha rangi, na rangi ndiyo mteja wa vikapu anayoichagua. Msiweke kikapu juu ya kanga yenye maua. Mmesuka nakshi kwa siku nne, halafu mnaificha kwenye maua ya kiwandani! Ukuta mtupu au mkeka usio na rangi nyingi unatosha. Pigeni picha ya mbele, ya ndani, ya kitako na ya mshono wa ukingo. Mnunuzi wa sokoni hukigeuza kikapu na kukibonyeza. Huyu wa mbali hana mikono, mpeni macho. Pia wekeni kitu cha kulinganishia ukubwa, kama chungwa au mkono wa mtu, na muandike vipimo kwa sentimita. Mteja mmoja alitaka kikapu cha nguo chafu akapokea cha mayai. Hatukumlaumu.

Msitumie picha ya kikapu cha watu wengine mliyoikuta mtandaoni, hata kama kinafanana na chenu. Mteja akipokea kisichofanana na picha atasema mmemtapeli, naye atakuwa na haki.

Maneno ya tangazo yawe machache na yajibu maswali ambayo mteja angeuliza: ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, ukubwa gani, bei gani, kipo wapi, kitamfikiaje na kwa siku ngapi, apige namba ipi. Ile tabia ya kuandika "bei njoo inboksi" tunaomba ife katika vikundi vyetu. Mteja akiona hivyo hudhani kwamba atapangiwa bei kwa kuangaliwa sura. Kama mnauza Dar es Salaam au Dodoma, andikeni Kiswahili chenu kizuri. Kwa wanunuzi wa nje, mwalimu wa sekondari aangalie Kiingereza kabla hakijatumwa.

Na simulieni kazi yenyewe. Watu wa mjini hawajui kwamba milulu hukatwa kwenye mabonde yenye maji, hukaushwa, hutiwa rangi kwa kuchemshwa, ndipo usukaji uanze. Kila hatua ni picha moja na sentensi mbili. Kwa mwezi mzima hamtakosa la kuweka, na hamtalazimika kuandika "karibuni wateja wetu" kila siku.

Hapa, ndugu zetu, tunafika kwenye jambo zito zaidi, na linatuhusu sisi kuliko ninyi.

Miaka michache iliyopita tulichapa katika jarida hili hili picha ya mama mmoja wa kikundi akiwa amekaa mlangoni kwake na vikapu vyake. Chini yake tuliandika kwamba ni mjane maskini, na kwamba kila kikapu utakachonunua kitamwezesha kula. Picha ile ikawekwa pia kwenye ukurasa wetu wa Facebook. Ilisambaa kuliko kitu chochote tulichowahi kuweka, na kwa wiki tatu tuliuza vizuri. Kisha mama yule akaacha kuja kikundini. Tulipomfuata tuliambiwa kwamba mwanawe, anayefanya kazi Dar es Salaam na kumtumia fedha kila mwezi, alionyeshwa picha ile na wenzake kazini. Alimpigia mama yake simu akimuuliza ni lini alimwacha na njaa. Mama alituambia maneno machache tu: kwamba alituruhusu kupiga picha vikapu, hakuturuhusu kumtangaza kuwa ombaomba. Alikuwa ndiye msukaji bora wa kikundi kile, na ndiye aliyekuwa akiwafundisha wasichana kufunga ukingo.

Tulikwenda kumwomba radhi mbele ya kikundi, tukaiondoa picha. Alipokea radhi, lakini kikundini hakurudi. Picha yenyewe bado inazunguka, maana iliyokwisha kunakiliwa hairudishwi.

Hata kibiashara njia ile haikuwa na faida ya kudumu. Wale walionunua kwa huruma walinunua mara moja. Aliyenunua kwa sababu kikapu ni kizuri, ameagiza kingine cha dada yake. Tangu hapo tumejiwekea utaratibu: picha ya mtu haipigwi bila kumweleza itatumika wapi, maelezo yanayoambatana nayo husomwa kwake kabla ya kutoka, na akibadili mawazo inaondolewa. Picha za watoto hazitumiki kuuzia bidhaa. Aidha, Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo si suala la adabu peke yake. Tunawaomba wafadhili wetu pia watusaidie: mkituomba picha "zinazogusa moyo", mkubali tukiwaletea picha ya mama aliyevaa vizuri akihesabu fedha zake.

Wale wa asali, siagi ya karanga, sabuni na mafuta ya kupaka, ninyi mna la ziada. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vyakula na vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Afisa wa SIDO wa mkoa atawaeleza namna ya kupata barua ya utambulisho kwa ajili ya alama ya ubora. Msiandike kwamba asali yenu inatibu kisukari au presha. Mgonjwa akiacha dawa kwa kuamini tangazo lenu, mtalijibuje?

Mteja amependa, amekubali bei. Sasa nani anajibu simu? Kikundi kimoja kilipoteza oda ya vikapu 40 kwa sababu simu ilikuwa kwa mweka hazina, mweka hazina alikwenda kuvuna mahindi, na ujumbe ulijibiwa siku ya nne. Mnunuzi alishapata kwingine. Pangeni zamu ya wiki, simu ikabidhiwe kwa daftari kama mnavyokabidhiana stoo. Mtu asiyeweza kuituma oda wiki hii aseme hivyo wazi. Wateja wengi husubiri wakiambiwa ukweli.

Malipo yaingie kwenye namba ya malipo ya kikundi, si laini ya mwenyekiti. Na msitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe wa malipo kwenye simu ya mteja, wala kwa ujumbe uliotoka namba ya kawaida ukijifanya ni wa mtandao wa simu. Angalieni salio lenu wenyewe kwanza. Ujumbe wa kitapeli utumeni namba 15040. Mzigo ukienda kwa basi, pigeni picha ya risiti na kumtumia mteja siku hiyo hiyo. Vikapu vikauke kabisa kabla ya kufungwa, la sivyo vitafika na ukungu.

Mwisho ni hesabu, na hapa mama mmoja alituuliza mwezi uliopita: "Tunauza, mbona hela haionekani?" Tukakaa naye. Kikapu wanauza shilingi 18,000. Milulu na rangi 4,000, kifungashio 1,000, kukifikisha kituo cha basi na nauli ya mzigo 2,000, bando na chaji ya simu tukikadiria 500 kwa kila kikapu. Zinabaki 10,500 kwa kazi ya siku nne, yaani 2,625 kwa siku. Ndipo akatuonyesha tangazo lao: "Punguzo asilimia 20 msimu wa sikukuu!" Punguzo hilo ni 3,600, na linatoka lote kwenye ujira wake. Zinabaki 6,900, au 1,725 kwa siku. Alinyamaza kidogo, kisha akasema punguzo lifutwe leo leo. Badala yake wamemwomba mteja alipie usafirishaji, na wengi wamekubali.

Katika taarifa zetu kwa wafadhili tulikuwa tukiandika idadi ya watu waliopenda ukurasa. Kuanzia robo hii tutaandika mambo matatu tu kwa kila kikundi: wateja wapya, wateja waliorudi, na kiasi kilichobaki mkononi mwa msukaji baada ya gharama. Kamati za parokia tunaziomba zikague daftari hilo kila mwezi, kama zinavyokagua la sadaka. Namba zinaweza kuwa ndogo mwanzoni. Tutazichapa hivyo hivyo.

Baada ya chai tutatoka nje chini ya mwembe kwa mazoezi ya picha. Kila kikundi kilete bidhaa mbili na simu yenye chaji. Wenye kanga za maua, mnaweza kuziacha ukumbini.