Mzizi wa Jino Haujakauka: Rudi Siku Uliyoambiwa



Sisi tunaofanya kazi ya meno tunaisikia lawama moja kila tunapotembelea vikundi: "Daktari alinifungua jino, akanipaka dawa, akaniambia nirudi. Si anataka pesa mara ya pili?" Basi maumivu yakipoa mtu harudi. Miezi ikipita shavu linavimba, na jino ambalo lingeokolewa linang'olewa.

Tueleze kinachomrudisha. Ndani ya mzizi wa jino mna njia nyembamba inayopitisha mishipa ya damu na ya fahamu. Uozo ukifika huko, mishipa hufa. Daktari huondoa uozo kwa tupa ndogo sana, huosha njia kwa dawa ya kuua viini, halafu huikausha kwa vijiti vya karatasi. Kijiti kikitoka na damu au usaha, kazi bado. Njia ikiwa tayari huijaza gutapecha, utomvu wa mti wa pande za Malaysia, pamoja na dawa laini ya kuziba nafasi zinazobaki ukutani.

Sasa hiyo dawa ya kuziba ndiyo yenye maneno. Kuna ya zamani, unga wa zinki uliochanganywa na kiini cha mafuta ya karafuu, zao lile lile la Unguja na Pemba. Kuna ya epoksi, ambayo hutaka pakavu. Ikikuta maji haishiki ukuta sawasawa. Na kuna ya kisasa ya kalsiamu silikati, jamaa ya saruji. Wale waliojenga tangi la kikundi wanajua: saruji bila maji haigandi, na ukuta mpya humwagiliwa siku kadhaa. Hii nayo huvuta unyevu wa jino lenyewe ndipo igande, kwa hiyo daktari haikaushi njia ikawa kama jangwa. Lakini unyevu si dimbwi! Mwaga saruji kwenye shimo lililojaa maji uone kama hupati uji. Penye usaha unaochuruzika hakuna dawa hata moja kati ya hizi itakayoziba vizuri, na viini vitapata njia ya kurudi.

Mate nayo yana viini. Ndiyo sababu jino huzungushiwa kipande cha mpira wakati wa kazi. Mpira huo unaudhi, tunakubali, ila uvumilieni.

Mzizi usipokauka, daktari huweka ndani dawa ya jamii ya chokaa, huziba juu kwa muda, na kukupa tarehe. Ukikauka siku ya kwanza anaweza kumaliza siku hiyo hiyo. Mwulizeni, si kosa kuuliza. Lakini msimsukume amalize eti kwa sababu gari la jioni linaondoka.

Nauli ni shida, tunajua. Vikundi vingi vina mzunguko wa pesa. Mwenzenu akienda mara ya kwanza, wekeni kando nauli ya mara ya pili siku ile ile, iandikwe kwenye daftari. Na kile kizibo cha muda kikianguka, asingoje tarehe ya kadi. Mweka hazina ampe nauli hiyo, aende kesho yake asubuhi.