Mkia wa Mbwa Ukiumia: Dalili, Huduma ya Kwanza na Wakati wa Kumwona Daktari



Mbwa wako kila mahali: langoni Milimani, vichochoroni Nyalenda na Kondele, na ufuoni Dunga ambako omena huanikwa. Huko huko ndiko mikia huumia. Lango la chuma hufungwa kwa haraka, bodaboda hupita juu ya mbwa aliyelala, au mtu humrushia jiwe akimfukuza kwenye samaki. Wengi husema, "Ni mkia tu, utapona." Wakati mwingine hupona. Wakati mwingine mbwa hufa, au mtoto huumwa.

Mkia ni mwendelezo wa uti wa mgongo. Mishipa ya fahamu iliyo kwenye shina lake iko karibu na ile inayoongoza mkojo na choo. Kwa hiyo mbwa aliyevutwa mkia kwa nguvu au kukanyagwa, kisha akashindwa kuzuia mkojo au kuburuta miguu ya nyuma, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Dalili nyingine ni rahisi kuzitambua. Mkia ukilegea ghafla baada ya mbwa kuogelea sana ziwani, bila jeraha lolote, mara nyingi ni misuli iliyochoka. Akipumzika, hupona kwa siku chache hadi wiki mbili. Mkia uliopinda au kuvimba huenda umevunjika. Ncha inayotoka damu huchelewa kupona, kwa sababu kila mbwa anapoutikisa mkia huugonga ukutani tena. Anayejitafuna shina la mkia mara nyingi ana viroboto. Usaha, harufu mbaya, funza au ngozi iliyogeuka nyeusi ni ishara kwamba jeraha linaoza.

Kabla ya kumgusa, kumbukeni kwamba mbwa mwenye maumivu humuuma hata mwenye kumlisha. Watoto wakae mbali. Mtu mzima anayemzoea amfunge mdomo kwa kitambaa laini, ila si mbwa anayetapika au kuhema kwa shida. Damu ikitoka, kandamizeni kwa kitambaa safi kwa dakika 5 hadi 10. Osheni jeraha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Lifungeni bila kukaza, na mbadilishe bandeji kila siku. Mpira au uzi uliokazwa huzuia damu na kuuua mkia wote.

Msimpe mbwa dawa za watu za maumivu, kama paracetamol au diclofenac, zinaweza kumuua. Msipake oili ya gari. Wala asikatwe mkia kwa panga. Mkia ukilazimika kukatwa, kazi hiyo ni ya daktari, kwa dawa ya ganzi. Kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Jambo zito zaidi ni hili: mkia ulioumwa na mbwa mwingine asiyejulikana unaweza kuwa mlango wa kichaa cha mbwa. Msiushike kwa mikono mitupu. Mtengeni mbwa huyo na kumwarifu afisa wa mifugo wa wadi, hata kama jeraha ni dogo. Mbwa aliyebadilika tabia, anayetokwa mate au kushambulia bila sababu, asikaribiwe kabisa.

Mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya mara moja kupata chanjo. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kisumu ni miongoni mwa kaunti 5, pamoja na Siaya, Machakos, Kitui na Makueni, zilizochaguliwa kuanzisha mpango wa kitaifa wa 2014 wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Mpango huo hufaulu mbwa 70 kati ya kila 100 wanapochanjwa kila mwaka. Hivyo mbwa wote wa miezi 3 na zaidi wachanjwe.

Jioni ya leo, kila mwenye mbwa amwite, amtazame mkia kuanzia shina hadi ncha, kisha atafute cheti chake cha chanjo. Kama hakuna cheti, kesho aende kwa afisa wa mifugo.