Baada ya Kuanua Matanga

Msikilizaji, jioni moja nilimkuta jirani yangu, mama wa makamo, anapepeta uwele uani kwake hapa Dodoma. Treni ya mizigo ikapiga honi upande wa stesheni. Ungo ukasimama mikononi mwake, ukainama, punje zikawa zinadondoka miguuni pake. Akabaki hivyo mpaka sauti ikapotea kabisa, kisha akaendelea kupepeta. Nami nikapita kimya.

Alikuwa ndani ya treni ya abiria ya tarehe 24 Juni 2002. Wengi wenu mnaikumbuka. Ilikuwa inatoka Dar es Salaam na watu zaidi ya 1,000. Ilipokuwa ikipanda mlima kati ya Msagali na Igandu, humu humu mkoani Dodoma, breki zikashindwa, ikaanza kurudi nyuma, kasi ikazidi, ikaenda kugongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Walikufa watu 281. Maiti ambazo hazikutambuliwa tulizizika Maili Mbili. Tukalia, tukaanua matanga, tukarudi mashambani na makazini.

Kwa mama huyu, mambo yalianza hapo. Wiki za kwanza alipika, akapokea wageni, watu wakamsifu kwa moyo wake mgumu. Miezi ilipopita ndipo jinamizi likaanza kumwamsha, na mlango ukibamizwa anaruka. Alipojaribu kusimulia, tulimjibu, "Mshukuru Mungu umepona. Sahau." Nasema tulimjibu kwa sababu nami nilikuwemo. Tulisema kwa kumpenda. Lakini mtu ukishamwambia asahau, umemwambia pia asikusumbue tena kwa habari hizo. Akanyamaza miaka.

Kiwewe si pepo, wala si upungufu wa imani. Ni kwamba mwili umeshika hatari ya siku ile kana kwamba ni ya leo, hivyo honi ikilia unajiandaa kufa upya. Habari njema ni kwamba binadamu ameumbwa na nguvu ya kuinuka. Mwanasaikolojia George Bonanno wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alionyesha mwaka 2004 kwamba wengi wanaopatwa na misiba mizito huendelea na maisha yao bila hata kuhitaji tiba. Ila wapo ambao hawainuki peke yao, na hao si dhaifu kuliko wenzao. Wala si vizuri kumkalisha mtu siku ileile ya ajali ukamlazimisha aeleze kila kitu; Shirika la Afya Duniani limeshauri tusifanye hivyo. Mpe maji, mpe blanketi, mtafutie ndugu zake. Maneno yatakuja kwa wakati wake, na yakija, awepo mtu wa kuyapokea.

Na hapa Dodoma tuna deni. Tangu enzi za Mwingereza tunayo Mirembe, hospitali ambayo taifa zima linaitegemea kwa afya ya akili. Sisi wenyeji tukaligeuza jina lake kuwa tusi. Mtoto akikosea darasani, "wa Mirembe huyo." Mama yule aliposhauriwa aende akaonane na mshauri, aliniuliza swali moja tu: "Wanangu wataitwaje mtaani?" Sikuwa na jibu, maana tusi lile hata mimi nimewahi kulitamka.

Ninachojua ni kwamba usiku mmoja, miaka mingi baadaye, nilimuuliza, "Mama, honi ile huwa inakupeleka wapi?" Akasimulia mpaka makaa ya jiko yakawa majivu. Jumatatu iliyofuata nilimsindikiza hospitali, na nyingine, na nyingine.

Treni ya umeme ilipoanza safari zake mwaka 2024, mjukuu wake alitaka kumkatia tiketi ya Morogoro. Akakataa. Badala yake akaomba apelekwe stesheni tu, akakaa kwenye benchi akitazama watu wanavyopanda, akarudi nyumbani. Alifanya hivyo Jumamosi tatu. Ya nne akapanda. Reli mpya nayo inapita Igandu, na alimwagiza mjukuu amwambie wakikaribia. Kijana akamwambia. Bibi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa, akageukia dirisha.