Wito Sharti Umfikie Mwenza: Taarifa ya Shauri la Kubatilisha Ndoa

Maelezo ya Afisa Ustawi wa Jamii kwa watendaji wa kata na vijiji na wenyeviti wa vitongoji, katika Wiki ya Sheria



Nimeombwa nizungumzie jambo linalowafikia ninyi mara chache, lakini linapowafikia huja na karatasi, muhuri na mtu mwenye haraka anayetaka mtie sahihi. Nalo ni wito wa mahakama katika shauri la kubatilisha ndoa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo wananchi wengi huyachanganya. Talaka huvunja ndoa iliyo halali. Kubatilisha ndoa ni kuiomba mahakama itamke kwamba ndoa ilikuwa na kasoro inayoiondolea uhalali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hutambua ndoa zilizo batili tangu mwanzo, kama ile iliyofungwa baina ya ndugu waliokatazwa kuoana, na ndoa zinazoweza kubatilishwa, kwa mfano pale ambapo mmoja hawezi tendo la ndoa, au amelikataa kwa makusudi, au mke alikuwa na mimba ya mwanamume mwingine siku ya kufunga ndoa. Ndoa ya aina hii ya pili huendelea kuwa ndoa kamili hadi mahakama itamke vinginevyo. Baadhi ya sababu zake, kama hiyo ya mimba, sharti zifikishwe mahakamani ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya ndoa, na ndiyo maana waleta maombi huwa na haraka.

Mnaona basi uzito wa tuhuma zenyewe. Ni mambo ya chumbani, ya afya na ya heshima ya mtu. Mke au mume anayetuhumiwa hivyo ana haki ya kujua na kujibu kabla ya hukumu, na haki ya kusikilizwa imo katika Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu. Hati ya wito ndiyo mlango wa haki hiyo.

Wito hutolewa na mahakama, nao hupelekwa na mtumishi wa mahakama au msambaza nyaraka anayetambuliwa. Haufai kukabidhiwa shemeji aufikishe siku atakayokumbuka. Kanuni ya kwanza ni kumkabidhi mhusika mwenyewe, mkononi, naye atie sahihi kwenye nakala. Kutia sahihi si kukiri tuhuma. Ni kukiri kupokea karatasi. Waelezeni wananchi hilo, maana wengi hukimbia kalamu wakidhani wanaikimbia kesi, kumbe kesi hubaki palepale na itasikilizwa bila wao.

Akikataa kutia sahihi, au akitafutwa kwa bidii asionekane, sheria humruhusu mpeleka wito kubandika nakala kwenye mlango wa nyumba anamoishi mhusika, kisha arudi mahakamani na kueleza kwa maandishi alivyofanya, na ni nani aliyemtambulisha nyumba hiyo na kushuhudia. Hapo ndipo jina la mwenyekiti wa kitongoji linapoingia katika jalada.

Niseme wazi: sahihi hiyo ni ushahidi. Tuchukue mfano wa mume aliyekwenda machimboni miezi minane iliyopita. Mke anafungua shauri, mpeleka wito anafika kijijini, na mwenyekiti anaandika kwamba mhusika ni mkazi na anakwepa. Maneno mawili, “anakwepa wito”, yanaweza kumfanya hakimu asikilize upande mmoja na kuibatilisha ndoa. Mume akirudi na kuthibitisha kwamba wito haukumfikia ipasavyo, anaweza kuomba hukumu ile itenguliwe. Ikiwa mke ameshaolewa kwingine, na pengine ana mtoto mchanga, ni nani atakayelifungua fundo hilo? Kwa maoni yangu madhara hapo humwangukia zaidi yule aliyedhani ameshinda. Mwenyekiti angeandika tu ukweli, yaani hayupo tangu mwezi fulani na inasemekana yuko machimbo fulani, angewaokoa wote watatu.

Kwa mtu asiyejulikana aliko, iko njia mbadala. Mleta maombi huiomba mahakama, na mahakama ikiridhika huamuru wito ubandikwe mahakamani na kwenye nyumba ya mwisho aliyoishi mhusika, au utangazwe gazetini. Wito wa namna hiyo huwa na nguvu sawa na uliokabidhiwa mkononi, ila lazima amri ya mahakama itangulie. Aliyeko gerezani hupelekewa kupitia mkuu wa gereza.

Jambo jingine ni barua za Baraza la Usuluhishi wa Ndoa la kata. Baraza hulazimika kupitiwa kabla ya shauri la talaka. Barua yake ya kuwaita wanandoa haichukui nafasi ya wito wa mahakama, hata ikiwa na muhuri mzuri kiasi gani. Vivyo hivyo ujumbe wa simu ambao mke au mume amemwandikia mwenzake kwamba “nimekushtaki”.

Na tafadhali, hati hizi zisisomwe kwa sauti kilabuni wala kuachwa mezani ofisini. Mkishirikishwa, mwelekezeni mpeleka wito nyumbani kwa mhusika, andikeni tarehe na saa, na mwandike mlichokiona kwa macho yenu.

Mwananchi aliyepokea wito aangalie jina la mahakama, namba ya shauri na siku aliyopewa kujibu au kufika. Asiyejua kusoma, au asiye na uwezo wa kuweka wakili, mleteni ofisini kwetu Ustawi wa Jamii mapema, karatasi ikiwa mkononi. Tutamwelekeza kwa watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Akija baada ya tarehe kupita tutampokea pia, lakini kazi itakayokuwa mbele yake ni ya kuomba hukumu itenguliwe, nayo ni ndefu zaidi.