UKAGUZI UANZE NA SISI WENYEWE
(Mazungumzo ya Katibu wa tawi mbele ya mkutano wa wanachama wa ushirika, Mpapura)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa bodi, ndugu wanachama, na nyinyi ndugu zetu wapagazi mliosimama pale mlangoni: ingieni ndani mkae, maana maneno ya leo yanawahusu nyinyi kwanza.

Tumeombwa tuseme juu ya ukaguzi wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa kuwa msimu wa korosho unakaribia na ghala litafunguliwa. Tutasema kwa ufupi, lakini tutasema kweli.

Mnakumbuka mkaguzi alivyokuja msimu uliopita. Habari zake tulizipata siku mbili kabla. Basi jamani, kila mtu alishika fagio! Tukapaka chokaa ukuta wa mbele. Tukaazima mtungi wa kuzimia moto, tukaazima na glavu. Mtungi wenyewe ulikuwa na jina la mwenyewe kwa rangi nyekundu, na katika sisi hakuna aliyejua kuutumia. Mkaguzi akalisoma lile jina, akanyamaza. Halafu akauliza neno moja tu: daftari la ajali liko wapi? Tukampa. Lilikuwa jipya, safi, halina hata mstari mmoja. Na wakati huohuo, nje chini ya mwembe, alikuwa amekaa mwenzetu aliyevunjika mguu mwaka uliotangulia, magunia yalipomporomokea ndani ya ghala hilihili.

Ndugu wanachama, aliyedhulumiwa siku ile ni mwenzetu yule. Tulimchangia nauli ya hospitali, tukampa pole, tukaona tumemaliza. Hatukuandika popote. Kumbe nchi yetu ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Anayeuchangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi senti. Lakini Mfuko hauwezi kulipa ajali ambayo mwajiri mwenyewe ameificha. Wengi wetu tulijua kusoma na kuandika ukubwani, katika madarasa ya elimu ya watu wazima. Tulijifunza ili tusiibiwe kwenye mizani. Sasa kalamu hiyohiyo tumeshindwa kuitumia kumlinda mwenzetu!

Wako wanaosema, "Hayo ni mambo ya viwanda, sisi tuna ghala tu." Sivyo. Zamani ilikuwapo sheria ya viwanda ya mwaka 1950. Sheria Namba 5 ya mwaka 2003 iliifuta ile na kupanuka hadi mahali pengine pa kazi. Wanaoisimamia ni wakala wa Serikali uitwao OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Mkaguzi anaruhusiwa kuingia kwa saa zinazofaa bila kutuma habari kwanza. Kwa hiyo mambo ya kupaka chokaa yamekwisha. Chokaa haikauki wakati mgeni yuko mlangoni.

Sasa basi, tufanye nini? Tunapendekeza haya:

1. MAGUNIA. Gunia la korosho ni kilo 80. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Gunia letu limepita hapo kwa kilo 25. Kwa hiyo libebwe na watu wawili au kwa mkokoteni, na asiwepo wa kumcheka anayeomba kusaidiwa. Magunia yapangwe juu ya chaga, yafungamane kama matofali, yaache njia ya kupita, na yasipande juu kupita kiasi. Lile rundo lililomvunja mwenzetu lilisimama wima kama mnazi, na sote tuliliona tukapita.

2. SALFA. Dawa hii inatuokolea mikorosho na ubwiriunga, lakini vumbi lake linawasha macho na kifua. Tena linashika moto, na moshi wake unakaba roho. Isikae chumba kimoja na korosho wala karibu na chakula. Mtu asivute sigara pale. Anayepuliza afunike pua na macho, asimame upepo unakotoka, akimaliza aoge na kubadili nguo kabla ya kubeba mtoto.

3. KINA MAMA WANAOBANGUA. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi. Mikono yao mmeiona. Glavu zinunuliwe, ziwe zao, zisiwe za kuazima siku ya mgeni.

4. WATOTO. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumpa kazi ya hatari mtu aliye chini ya miaka 18. Kijana wa shule asionekane na gunia kichwani, hata kama baba yake ndiye mwenyekiti.

5. WATU NA MADAFTARI. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne anatakiwa awe na mwakilishi wa usalama na afya. Tumchague kutoka kwa wapagazi wenyewe, maana wao ndio wanaojua bati lipi linavuja na ubao upi umeoza. Cheti cha kusajiliwa mahali pa kazi, karatasi za kupimwa afya wafanyakazi, na daftari la ajali vikae pamoja ofisini. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na vitu ndani, lisiwe sanduku la kutunzia stakabadhi.

Na ajali ikitokea, Mungu atuepushe, wa kwanza kushughulikiwa ni majeruhi. Halafu mahali pale pasiguswe, isipokuwa kwa kumwokoa mtu au kuzuia hatari nyingine. Taarifa ipelekwe mara moja. Karani aandike siku hiyohiyo: saa ngapi, nani alikuwapo, rundo lilikuwa na urefu gani, nani aliamuru. Tusiwakusanye wapagazi usiku kuwafundisha la kusema. Kila mmoja aseme alichokiona. Mchunguzi anatafuta chanzo, ili kisije kumwangukia mwingine. Tukimficha chanzo, tumejifichia wenyewe.

Wazee wetu walituonyesha njia. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wanaokaribia milioni 2 nchini walikaa vikundi vikundi wakasikiliza redio, wakajadiliana, halafu wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kwenye nyumba zao. Kikundi chenyewe kilitazama hali ya kijiji chake na kuamua la kufanya. Sisi tuna ghala moja tu la kutazama, inatushinda nini?

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, tunaleta mambo mawili mbele ya mkutano. La kwanza, fedha za makato zilizotengwa kwa rangi ya ofisi zinunue kwanza chaga, glavu, mtungi wetu wenyewe na sanduku la huduma ya kwanza. Rangi itangoja. La pili, ajali ya mwenzetu iandikwe leo, kwa kuchelewa na kwa aibu yetu, na bodi iandamane naye kwenda kuulizia haki yake. Huenda tukaambiwa tumechelewa. Tukaambiwe tukiwa pamoja naye. Na daftari lenye mstari mmoja wa kweli litamfaa mkaguzi kuliko daftari tupu.

Yeye mwenyewe yupo hapa, amekaa nyuma. Wanaokubali wanyooshe mikono, na wanyooshe wakimtazama.

Ushirika ni kutunzana.