Mshahara Ghafi na Fedha Inayofika Mkononi



Neno "ghafi" halikuzaliwa ofisini. Tunalikuta katika malighafi na mafuta ghafi: kitu ambacho bado hakijachakatwa. Mshahara ghafi, vivyo hivyo, ni ule ambao haujaguswa na makato. Mfuko wa hifadhi ya jamii na Mamlaka ya Mapato huchukua sehemu yao kabla yako.

Tumchukue mwajiriwa wa sekta binafsi Tanzania Bara ambaye barua yake ya ajira inataja shilingi 800,000 kwa mwezi, bila posho. Kwanza hukatwa mchango wa NSSF, asilimia 10, yaani 80,000. Mchango huo hautozwi kodi, hivyo kodi hukokotolewa kwa 720,000 zilizobaki. Kwa viwango vya tangu Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi. Zinazofuata, hadi 520,000, hutozwa asilimia 8, sawa na 20,000. Na 200,000 zilizo juu yake hutozwa asilimia 20, sawa na 40,000. Jumla ya kodi ni 60,000. Mkononi zinafika 660,000. Ikiwa alisomeshwa kwa mkopo wa elimu ya juu, kama wengi wa rika langu, huondoka pia asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000. Hapo hubakiwa na 540,000.

Sasa ifikirieni fomu ya mkopo. Aliyejaza 800,000 palipoandikwa "kipato kwa mwezi" hakusema uongo. Lakini rejesho la 300,000, aliloliona dogo mbele ya 800,000, limezidi nusu ya fedha anayoishika, na bado hajalipa pango wala ada. Kabla ya kutia saini, muulize mkopeshaji: mnataka kipato ghafi au kilichobaki baada ya makato? Swali hilohilo muulize mwajiri anayekutajia mshahara kwa mdomo.

Kwa mama lishe na mwenye duka tahadhari ni kubwa zaidi, maana hakuna anayewakatia. Mauzo ya siku yana ndani yake bei ya mchele, mkaa na pango. Fedha hiyo si kipato chake hata kama imelala kwenye droo yake.

Wenye hati zenu za mshahara, zitoeni tuzisome pamoja, mstari kwa mstari.