Maili 84 kwa Ajili ya Hospitali ya Watoto: Hotuba Mbele ya Mkutano wa Ukoo



Kamati imeniomba nizungumze juu ya safari yangu ya miguu. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba nitoe hesabu kwanza na hadithi baadaye. Mtu aliyekaa katika ofisi za serikali miaka 31 haachi tabia hiyo kwa sababu amestaafu.

Hesabu ni hii. Jamaa 38 walioko Muscat, Dubai, London, Leicester, Toronto na Mombasa waliahidi kutoa kiasi fulani kwa kila maili nitakayotembea. Ahadi zao zilipojumlishwa zilifika pauni 46 kwa maili. Njia ina maili 84, yaani kilomita 135, basi jumla ni pauni 3,864. Fedha hizo zimefika zote, lakini kwa mafungu mawili: pauni 3,358 mwezi wa Oktoba 2024, na pauni 506 mwezi wa Mei 2025. Sababu yake nitaieleza, ingawa si ya kujivunia.

Mnamjua mjukuu wangu aliyezaliwa na tundu moyoni. Alipasuliwa katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, akalazwa wiki 9. Wazazi wake walipewa mahali pa kulala karibu na hospitali, na hakuna aliyewaletea karatasi ya deni. Siku alipotoka niliweka nadhiri kimya kimya, nikaichelewesha miaka 12, mpaka nilipoona kwamba nikichelewa zaidi magoti yatanitangulia kustaafu.

Mkutano uliopita, ndugu yangu mmoja, ambaye yumo humu na amenipa ruhusa, alisimama akaniuliza: "Kaka, kwa nini utembee kwa ajili ya Wazungu ambao wana kila kitu, na watoto wa kwetu wanalala wawili kitanda kimoja?" Ukumbi ulinyamaza. Nami sikuwa na jawabu.

Nimelifikiri swali hilo maili nyingi. Sehemu ya jawabu nimeipata katika historia ya hospitali yenyewe. Dakta Charles West aliifungua mwaka 1852 ikiwa na vitanda 10 tu, nayo ilikuwa ya kwanza Uingereza ya kulaza watoto peke yao. Haikuwa mali ya serikali. Iliishi kwa michango: mwaka 1858 Charles Dickens aliwasomea watu kitabu chake ili kuipatia fedha, na mwaka 1929 J. M. Barrie aliipa haki zote za kitabu chake cha Peter Pan. Serikali iliichukua mwaka 1948, na mpaka leo michango hulipia utafiti, mashine, majengo na malazi ya wazazi. Kwa hiyo kitanda alicholalia mjukuu wangu kilitandikwa na watu wasiomjua. Deni hulipwa pale lilipokopwa.

Lakini hilo ni nusu ya jawabu, na ndugu yangu alikuwa na haki ya nusu ya pili. Nitairudia.

Njia niliyoichagua hufuata Ukuta wa Hadrian, uliojengwa na majeshi ya Warumi kuanzia mwaka 122, kukata kaskazini ya Uingereza kutoka upande wa bahari hata wa pili. Nilianza Wallsend, Septemba 2024, kuelekea Bowness-on-Solway, kwa siku 6. Siku mbili za mwanzo sina la kusema ila mvua. Siku ya tatu na ya nne njia hupanda na kushuka juu ya majabali kama meno ya msumeno. Kilele chake ni mita 345 tu, kichekesho kwa mtu wa Moshi, ila goti halijui jiografia.

Karibu na hapo iko ngome ya Vindolanda, ambako wamechimbua barua za Warumi zilizoandikwa juu ya vibao vyembamba. Moja yazo inataja soksi na nguo za ndani alizopelekewa mtu wa ngome ile. Nilicheka peke yangu, nikakumbuka vifurushi vya marehemu mama.

Jioni ya siku ya nne, kijijini Walton, goti lilivimba hata kiatu kikawa kizito kukivua. Siku ya tano, maili 11 za kwenda Carlisle, nilipanda teksi. Natamka neno hilo mbele yenu bila ya kulificha. Siku ya sita nilifunga bendeji, nikashika bakora, nikatembea maili 15 za mwisho. Nilipumzika Burgh-by-Sands, ambako katika karne ya tatu kilikaa kikosi cha askari wa Kimoori kutoka Afrika ya Kaskazini. Mwaka 2016 waliwekewa kibao cha kumbukumbu. Nilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajiwa na goti.

Usiku ule niliwaandikia wafadhili wote: nimetembea maili 73. Wengi walijibu kwamba watalipa zote. Shangazi yetu wa Muscat, aliyepita miaka 85, alipiga simu. "Mwanangu, niliahidi pauni 2 kwa maili. Nitalipa 146. Zile 22 zitakungoja." Nikazuia za wote.

Aprili 2025 nilirudi Walton. Safari hii sikuwa peke yangu. Mjukuu wangu, sasa ana miaka 13, alibeba mkoba wangu. Tulitembea maili 11 kwa saa 7. Yeye angeweza kwa saa 4. Jioni nilimpigia shangazi, akataka kuzungumza na mtoto, si nami.

Ama nusu ya pili. Fedha zilizochangwa kwa jina la hospitali moja haziwezi kugeuziwa njia, na aliyependekeza hivyo nilimkatalia. Kwa hiyo nimefungua daftari la pili, kwa ajili ya wadi ya watoto ya nyumbani. Ndugu yangu aliyeniuliza ameandika jina lake la kwanza katika wachangiaji. Daftari liko mezani, karibu na birika la chai. Nafasi ya mtembeaji bado iko wazi, na daktari wangu amekwisha kuniambia kwamba si mimi.